Mwezi wa Kulipia Kikoa

Jumatatu, 6 Mei 2024. Mbinga

Ujumbe umeingia kabla ya mapambazuko: kikoa cha orodha yetu ya mtandaoni kinakwisha mwisho wa mwezi huu, na malipo yamekataliwa. Kadi yangu ilibadilishwa Februari baada ya ile ya zamani kuisha muda. Saa mbili nilikuwa benki. Wazee wa pensheni walikuwa wengi, tukakaa kwenye mabenchi. Dada wa dirishani alinieleza kwa upole kwamba kadi mpya hufungwa isilipe mtandaoni mpaka mteja ajaze fomu, na fomu inataka picha ya pasipoti. Mpiga picha yuko ng'ambo ya barabara. Alinipiga, akasema atachapisha umeme ukirudi. Umeme ulirudi saa kumi na moja jioni. Benki ilikuwa imeshafungwa.

Kuhusu umeme sina manung'uniko makubwa. Kabla ya njia ya Makambako hadi Songea kukamilika mwaka 2018, mji huu ulitegemea zaidi jenereta za mafuta, na kazi ninayoifanya sasa isingewezekana.

Nitaeleza kazi yenyewe, kwa sababu daftari hili linaweza kushikwa na mtu mwingine siku moja. Ni orodha ya bure mtandaoni kwa wasanidi programu. Kila kinachoingia humo ni huduma au data ambayo mtu anayeanza anaweza kuitumia bila kulipa: mahali pa kuweka tovuti, hifadhidata, ramani za OpenStreetMap, njia ya kutuma meseji kwa watu wengi, miongozo ya kuunganisha malipo ya simu, sauti za Kiswahili za Common Voice, majina ya mikoa, wilaya na kata yaliyopangwa tayari kwa kompyuta. Kila kiingizo hujibu maswali yaleyale. Kinafanya nini? Bure yake inaishia wapi? Kinahitaji intaneti yenye nguvu kiasi gani? Lini mtu alikihakiki kwa mkono wake? Na swali ambalo sisi huliweka mbele ya yote: wanaomba kadi ya benki unapojisajili?

Kijana aliyemaliza kidato cha sita Kigonsera hana kadi. Ana simu, ana akiba kidogo kwenye simu, na pengine ana laptopu ya kuazima. Ukurasa ukimdai tarakimu 16 za kadi, kazi yake inaishia hapo hata kama huduma yenyewe ni bure kabisa. Afadhali ajue kabla hajapoteza bando. Safu hiyo ya kadi ndiyo inayonifanya nisiiache orodha hii.

Jumatano, 8 Mei. Mbinga

Programu ya kukagua viungo hufanya kazi usiku, bando likiwa nafuu na mnara ukiwa na watu wachache. Hupita kiungo kimoja baada ya kingine. Ikikuta ukurasa haupo huandika 404 na kusonga mbele. Jana saa nne usiku mama mwenye nyumba alichomoa ekstensheni yangu ili apige pasi sare za kwaya. Betri ya laptopu imechoka, ikazimika kabla sare ya kwanza haijanyooka. Asubuhi aliniletea chai na viazi.

"Nisamehe mwanangu, nilidhani ni waya wa redio."

"Hakuna neno, mama. Kwaya haiwezi kuimba na mikunjo."

Nimeanza ukaguzi upya mchana huu, kwa bando la bei ya mchana.

Watu huniuliza kwa nini orodha iliyokwisha kuandikwa inahitaji kazi kila wiki. Jibu ni kwamba vitu vya bure havikai. Heroku, ambako wanafunzi wengi wa vyuo vyetu walijifunzia kuweka programu zao hewani, iliondoa huduma ya bure tarehe 28 Novemba 2022. Freenom, iliyokuwa ikigawa vikoa vya bure vya .tk na .ml, iliacha kusajili vipya mwaka 2023, na Februari mwaka huu ikatangaza kujiondoa katika biashara ya vikoa. PlanetScale imefunga hifadhidata yake ya bure mwezi uliopita tu, tarehe 8 Aprili. Sina neno baya nao. Mali ilikuwa yao, waliitoa, wakaiondoa. Lakini mwanafunzi wa mwaka wa pili anayefuata somo la video lililorekodiwa 2021 hana habari hizo, na somo halimwambii. Hukaa usiku kucha akitafuta kosa katika programu yake wakati mlango umefungwa na mwenye nyumba. Kumwambia ukweli huo mapema ni kazi yetu.

Mlima wa pili kutoka hapa una ngoro, yale mashimo ya Wamatengo yanayozuia udongo usiteremke na mvua. Mgeni huyatazama akadhani yalichimbwa na mababu yakabaki. Kumbe hufanywa upya kila mzunguko: nyasi hukatwa, hulazwa miraba, hufukiwa udongo, maharage hupandwa juu, na msimu unaofuata mahindi. Shamba likiachwa, mashimo hujaa na mlima hubaki kama milima mingine. Orodha yetu iko hivyohivyo, na orodha isiyohakikiwa naiona ni mbaya kuliko kutokuwa na orodha, kwa sababu msomaji huiamini.

Ijumaa, 10 Mei. Mbinga

Picha ya pasipoti imetoka. Fomu imepokelewa. Nimeambiwa itapelekwa makao makuu na nisubiri.

Alasiri ilikuja bodaboda ikiwa imebeba debe la maharage na katibu wa chama cha msingi cha kahawa wa kijiji kimoja cha milimani. Tuliamkiana, akakaa, akanywa maji, ndipo akasema kilichomleta. Kijana wa pale kijijini ametengeneza programu ndogo: mkulima akipeleka kahawa, meseji inaingia kwenye simu yake ikiwa na uzito uliopokelewa, na nyingine inakuja siku ya malipo. Kila alichokihitaji kijana huyo alikipata kwenye orodha yetu. Wanachama wameona mabishano ya mzani yamepungua, wakakubaliana katika kikao wachangie chochote.

"Fedha hatuna mpaka kahawa ianze kuuzwa," akasema katibu. "Tumeleta haya."

Nilimshukuru kwa moyo wangu wote. Nimeshapokea barua nyingi nzuri za pongezi kutoka kwa watu wa mbali. Hii ni mara ya kwanza kijiji kizima kuketi na kuamua kwamba orodha inastahili kulishwa.

Mfuko ulipasuka mlangoni. Kuku wa mama mwenye nyumba walifika kabla yangu. Yaliyobaki niliyapeleka sokoni, ambako mnunuzi alitaka debe la kichwa, tukabishana, akapunguza kichwa kidogo. Katika kitabu cha hesabu nimeandika: maharage, debe moja pungufu, limeuzwa. Fedha yake itatosha seva kwa Juni na Julai.

Niandike hesabu ya seva hapa, maana wengi hudhani ni mamilioni. Seva ndogo tunayokodi ni dola 5 kwa mwezi. Dola leo inacheza karibu na shilingi 2,600, kwa hiyo ni shilingi 13,000. Juu yake kuna VAT ya asilimia 18, ambayo tangu Sheria ya Fedha ya 2022 kampuni za nje zinazouza huduma za kidijitali kwa watu wa Tanzania zinatakiwa kuikusanya. Jumla 15,340. Kikoa hulipwa mara moja kwa mwaka. Bando ni gharama kubwa kuliko vyote viwili, na muda wa watu haujawahi kuandikwa popote katika kitabu hicho.

Jumapili, 12 Mei. Mbinga

Leo hakuna kilichofunguka. Simu zinapigwa, meseji za kawaida zinafika, lakini kurasa zinazunguka tu. Nilizima rauta, nikaiwasha. Nilipanda juu ya kichuguu nyuma ya nyumba. Baada ya misa jirani alikuja na simu mkononi.

"Wewe ndiye mtu wa mtandao hapa. Umegusa nini?"

Mchana habari zikafika kwa redio: mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, imekatika siku hiyohiyo upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizoguswa zaidi. Nilichora ramani kwenye vumbi kwa kijiti. Hapa Mbinga, pale Songea, kule Dar es Salaam ambako Seacom ilitia nanga 2009 na EASSy mwaka uliofuata. Kabla ya hapo nchi yetu ilitegemea setilaiti, ghali na polepole. Wazee walikuwa wamesogea kusikiliza, na bibi mmoja akauliza swali la maana kuliko yote.

"Sasa nani anaingia baharini kuunga?"

Nikamweleza kwamba kuna meli maalumu zinazonyanyua mkongo kutoka sakafuni mwa bahari, mafundi wanaunga nyuzi za kioo moja moja, kisha wanaurudisha majini.

"Na meli hiyo nani anailisha wakati hakuna kilichokatika?"

Wanaomiliki mikongo huchangia matengenezo kila mwaka, bibi, hata mwaka ambao hakuna kilichokatika. Akatikisa kichwa akasema ndivyo inavyotakiwa. Nimelala nikiwaza jibu hilo nililolitoa mwenyewe. Sisi hatuna kitu cha namna hiyo. Sisi tunachanga pale kinapokatika.

Jumanne, 14 Mei. Mbinga

Intaneti inakuja na kuondoka. Mwenzangu wa Liuli, mwalimu wa hesabu ambaye ndiye mhakiki wetu wa pili, ameamua tusisubiri. Amenipigia simu na kunisomea masahihisho kwa mdomo. Mnara wake hushika vizuri akisimama kwenye miamba juu ya ufuko. Mwamba mmoja wa pale ndio uliowafanya Wajerumani waiite bandari ile Sphinxhafen, yaani bandari ya sfinksi. Alisoma anwani ya kiungo herufi kwa herufi. Upepo wa ziwa ulimeza baadhi ya herufi.

"B ya baba au D ya dada?"

"D ya dagaa!"

Kisha watoto wa shule wakapita, wakamwamkia shikamoo mwalimu kwa pamoja, akawajibu marahaba, akapoteza mstari. Tulimaliza jua likizama. Viingizo vilivyosahihishwa ni vichache lakini vimesahihishwa.

Jambo moja jema limetokana na wiki hii. Orodha nzima ni maandishi matupu. Bila picha, bila mapambo, ni ndogo kuliko picha moja ya simu. Nimeinakili kwenye flashi kadhaa. Mtandao ukilala, msanidi wa Lituhi au Mbamba Bay anaweza kuwa nayo mfukoni, akajua asubuhi itakapofunguka aende wapi.

Jumamosi, 18 Mei. Mbamba Bay

Mwalimu wa sekondari moja ya hapa aliniomba nije kuzungumza na wanafunzi wanaopenda kompyuta. Nimeteremka kwa basi dogo la alfajiri. Lami ya kilomita 66 kutoka Mbinga bado ni jambo la kufurahia. Ukitoka kwenye baridi ya kahawa, kona zinakupeleka chini, koti linavuliwa, na ghafla ziwa lote liko mbele yako, na ng'ambo yake Malawi.

Projekta ya shule ina waya wa zamani wenye meno, laptopu yangu ina tundu jipya. Kiunganishi kipo Songea. Mwalimu alileta chaki. Nilichora orodha ubaoni, safu kwa safu, na wanafunzi wakanisaidia kujaza kutoka kwenye flashi tuliyoichomeka kwenye kompyuta ya ofisi, mmoja akisoma kwa sauti dirishani, mwingine akiandika. Ilichukua muda mrefu kuliko projekta. Lakini kila mmoja wao alijua mwishoni kila safu ni ya nini, jambo ambalo sijaliona katika semina zenye projekta nzima.

Kijana mmoja ambaye baba yake ana mtumbwi alitaka kutengeneza kitu kinachoonyesha bei ya siku hiyo ya usipa, dagaa wa ziwa hili, katika fukwe tofauti, ili wachuuzi wa Mbinga wasiwe wao peke yao wenye kujua bei. Tukatafuta pamoja: ramani, bure, hawaombi kadi. Hifadhidata, bure hadi kiasi fulani, hawaombi kadi. Meseji, si bure, lipa unapotuma. Aliandika yote kwenye jalada la daftari lake la kemia.

Kisha msichana wa benchi la mbele akanyanyua mkono.

"Mwalimu, wewe nani anakulipa?"

Nikamwambia hakuna anayenilipa. Naishi kwa kutengeneza mifumo ya maduka na shule, na kazi hii naifanya jioni. Nikamtajia gharama zote kama nilivyoziandika juu.

"Sasa ukiumwa?"

Mwalimu wake alitaka kumnyamazisha, nikamzuia. Nilimjibu kwamba yuko mwalimu Liuli anayehakiki viingizo. Akauliza kama mwalimu huyo ana neno la siri la seva. Hana. Akauliza kama anaweza kulipia kikoa. Hawezi, kwa sababu kimeandikwa kwa jina langu peke yangu. Aliandika kitu katika daftari lake, akaketi.

Kurudi Mbinga, kondakta aliweka begi langu chini ya ndoo ya usipa wabichi. Ndoo ilivuja kwenye kona. Laptopu ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, imepona. Daftari la hesabu limelowa upande mmoja. Nimelianika juani pamoja na koti.

Jumatatu, 20 Mei. Mbinga

Barua pepe kutoka kampuni moja ya nje inayouza huduma za seva. Wanaipenda orodha. Wako tayari kulipa kila mwezi, kiasi ambacho kingefuta gharama zetu zote na kubakiza, mradi jina lao liwe la kwanza katika kila kundi na safu ya kadi iondolewe, kwa kuwa, wanasema, inawatisha wateja.

Nilitembea hadi sokoni na kurudi kabla ya kujibu. Fedha zile ni nyingi kwetu. Nisingependa mtu adhani uamuzi ulikuwa mwepesi.

Wengine wamepita njia hii. Yahoo ilianza mwaka 1994 kama orodha ya tovuti iliyopangwa na watu. Baadaye ikawatoza wafanyabiashara dola 299 kwa mwaka ili waingizwe, na mwishoni mwa 2014 ikaifunga orodha hiyo. DMOZ, orodha nyingine ya namna hiyo iliyoanza 1998, haikumtoza mtu. Wahariri wa kujitolea duniani kote waliijaza kwa miaka karibu 19. Lakini jengo lilikuwa la kampuni, AOL, na tarehe 17 Machi 2017 milango ikafungwa. Wahariri wakaondoka na nakala ya kazi yao na kuiendeleza mahali pengine kwa jina la Curlie. Hilo la mwisho ndilo lililonituliza: waliweza kuhama kwa sababu kazi ilikuwa huria, yeyote angeweza kuinakili.

Na ipo OpenSSL. Seva nyingi sana duniani, za mabenki na za serikali, zilikuwa zikilinda siri zao kwa programu hiyo. Aprili 2014 lilipogunduliwa tundu lililoitwa Heartbleed, dunia ikafahamu kwamba mfuko wa wanaoitunza ulikuwa ukipata michango ya karibu dola 2,000 kwa mwaka. Kampuni kubwa zilianza kuchangia mwezi uleule, baada ya hofu. Walioitumia walikuwa na fedha siku zote. Hakuna aliyekuwa amewaomba kwa utaratibu, na wao hawakuuliza.

Nimewajibu kampuni ile: tunawakaribisha kuchangia kama wengine, jina lao litaandikwa katika ukurasa wa wachangiaji, mpangilio utabaki wa alfabeti, na safu ya kadi itabaki. Hawajajibu. Nimeridhika na barua hiyo. Siku safu ile itakapoondolewa kwa fedha, orodha haitakuwa na faida kwa yule mtoto wa Kigonsera, na asipofaidika yeye sijui tunaitunza kwa ajili ya nani.

Jumatano, 22 Mei. Mbinga

Makao makuu ya benki bado. Siku za kikoa zinayoyoma. Nimempigia dada yangu wa Dar es Salaam, ambaye kadi yake inalipa mtandaoni. Nilijaza namba zake, benki ikamtumia namba ya siri ya mara moja, naye alikuwa amesimama ndani ya daladala ya Mbagala akishika bomba kwa mkono mmoja. Alipoifikia simu, namba ilikuwa imekwisha muda. Tukarudia akiwa kituoni, chaji ikamwishia. Usiku, akiwa nyumbani na simu ikiwa ukutani, alinisomea namba polepole, nikaiandika, ukurasa ukakubali.

Kikoa kimelipiwa hadi Mei 2025. Nimemrudishia fedha yake kwa simu, pamoja na ya kutolea. Alikataa ya kutolea, akasema huo ni mchango wake. Nimeuingiza kitabuni.

Ijumaa, 24 Mei. Mbinga

Mwalimu wa Liuli amepanda huku, na ametoka Songea mwenzetu wa tatu, dada aliyesomea kompyuta Chuo Kikuu cha Dodoma. Tumekaa kutwa. Mvua ndogo ya baridi ilinyesha, bati likapiga kelele, tukasogeza viti karibu ili tusikilizane.

Nimewasimulia habari ya Kindimba, ambayo wazee wa hapa wanaijua. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wanakijiji wa Kindimba, pamoja na Chuo Kikuu cha Sokoine na shirika la Japani, JICA, walijenga mashine ya kusaga inayoendeshwa kwa maji. Usimamizi haukuachwa kwa mfadhili wala kwa mtu mmoja. Iliundwa kamati iliyopewa jina la Sengu, ule utaratibu wa zamani wa Wamatengo wa ukoo kula pamoja na kuamua pamoja. Kilichonivutia ni kwamba swali la nani atatunza liliulizwa mapema, na jibu likatafutwa katika desturi waliyokuwa nayo.

Dada wa Songea alikumbusha mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliosaidiwa na Sweden kupitia Sida, ambao Desemba 2004 ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi ya heshima, na ruzuku iliiwezesha. Lakini ruzuku ina tarehe ya mwisho, na programu inataka kurekebishwa hata baada ya tarehe hiyo. Tumekubaliana tukipata ruzuku tuitumie kwa jambo jipya lenye mwanzo na mwisho: kununua betri, kuendesha mafunzo shuleni, kutafsiri miongozo. Seva na kikoa vilipwe na wanaoitumia orodha, kidogokidogo, kila mwezi.

Tumegawana funguo. Neno la siri la seva sasa wanalo watu watatu katika miji mitatu. Kikoa kitahamishiwa kwenye jina la kikundi chetu mara kikundi kitakapokamilisha usajili. Nakala ya orodha itakaa kwenye flashi Liuli, Songea na hapa, na ile ya wazi mtandaoni itaendelea kunakiliwa na yeyote anayetaka bila kuomba ruhusa. Hesabu zitabandikwa kila mwisho wa mwezi, maharage yakiwemo. Mwalimu amepewa jukumu la kumwandikia yule msichana wa Mbamba Bay, kupitia shule yake, kwamba swali lake limejibiwa.

Umeme ulikatika tukiwa tunaandika muhtasari. Tulimaliza kwa mwanga wa simu.

Kurasa hizi zitawekwa pamoja na hesabu za Mei, kwa hiyo namalizia kwako unayeitumia orodha. Chagua kiingizo kimoja unachokifahamu. Kifungue, jisajili upya kama mgeni, uone kama bado ni bure na kama siku hizi wanaomba kadi, kisha tuandikie ulichokikuta pamoja na tarehe. Kama kazi yako imeanza kukuingizia kipato, tuma shilingi 1,000 kila mwezi kwa simu. Watumiaji 16 wakifanya hivyo seva imelipwa. Na kama wewe una kampuni au unafundisha chuoni, mpe mwanafunzi mmoja saa moja kwa wiki ya kuhakiki viungo. Tunahitaji wahakiki kuliko tunavyohitaji fedha.